Neno Juu ya Bidoni

Saa arobaini na nane za sheria za kumshikilia mtu kituoni zingekwisha Jumamosi hiyo saa tisa mchana. Kabla ya hapo OPJ Concilie Irambona, mpelelezi wa polisi, alitakiwa kufanya moja kati ya mawili: amwachie Anastase Ndihokubwayo arudi kwake Luberizi, au ampeleke parke kwa mwendesha mashtaka kama mtu aliyemchoma mke wake hadi kufa. Ilikuwa saa mbili asubuhi na hakuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Miaka kumi na minne ya upelelezi mjini Uvira ilikuwa imemwonyesha kwamba anayepelekwa parke harudi upesi, awe na kosa asiwe nalo. Elimu hiyo haikuwa imemletea usingizi hata siku moja.

Mezani pake palikuwa na bidoni la njano la lita ishirini. Ubavuni mtu alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu nene ya bluu, herufi kubwa, zimenyooka: PETROLI.

"Soma," alisema.

Anastase alisoma. Alikuwa mkulima wa mpunga, mrefu, mikono yote miwili imefungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko. Aliungua alipokuwa anamtoa mke wake Dorine ndani ya moto.

"Petroli."

"Nusa."

Alinusa. "Iko esanse. Mulishanionyesha jana, Mama OPJ. Minye sikujuwa. Nilijuwa iko petroli."

Hapo ndipo kesi yote ilipokwama. Uvira nzima, na bonde lote la Ruzizi, hata mtoto anajua: esanse ni ya gari, mazutu ni ya malori, petroli ni ya taa. Mtu akitia esanse ndani ya kandili kisha akaiwasha, kandili hupasuka. Jumatano jioni Dorine alijaza kandili kutoka kwenye bidoni hilo, akaiwasha, na Alhamisi alfajiri akafa njiani akipelekwa hospitali. Kwa hiyo mtu fulani alitia kitu cha kuua ndani ya bidoni, akaandika juu yake jina la kitu cha nyumbani. Concilie aliliona hivyo tangu Alhamisi, na mpaka sasa hakuwa ameliona kwa namna nyingine.

"Nani alikupa bidoni hii?"

"Ilitoka kwa Papa Asani, kule Kavimvira. Siku ya kubadilisha magari. Yeye na minye tulienda kwenye ofisi kugeuza majina ya karatasi. Kurudi, nakuta bidoni iko nyuma ya gari mupya. Nikasoma. Nikasema, huyu muzee ametupa zawadi."

"Hukuuliza?"

"Mutu anauliza zawadi, Mama? Nilifurahi. Nikasema nitamupelekea muke wangu, Mama Itangishaka, labda hasira itapungua."

Concilie alisukuma karatasi na kalamu mbele yake. Anastase aliishika kalamu kwa ncha za vidole, akaumia, akaandika polepole alichoambiwa aandike. Pétrole, kama alivyofundishwa na masista darasa la nne, na kialama chake juu ya e. Mwandiko haukufanana hata kidogo. Lakini mtu anaweza kuandikiwa na mwingine, na Komanda Sévère, mkubwa wa kituo, angekuwa wa kwanza kumkumbusha hilo.

Hasira ya Dorine ilijulikana Luberizi yote. Kwa miezi mitatu Anastase alikuwa anajiuliza kama abadilishe pikapu yake ya esanse kwa pikapu ya mazutu iliyokwisha kutumika, ambayo Asani, mfanyabiashara wa mpakani, aliivusha ziwa kutoka Kigoma. Aliuliza madereva wa njia ya Bukavu. Alimuuliza padri. Alipanda mpaka Rurambo kumuuliza binamu yake anayemuuzia maziwa, kwa sababu mlima wa Rurambo ndio uliokuwa unaiua pikapu ya zamani: inapanda nusu, inachemka, inazima, na maziwa yanaganda juani. Esanse ya pale kijijini ilikuwa inauzwa kwenye chupa, nyingine imechanganywa na maji. Mazutu angepata kwa madereva wa malori, safi. Kila mtu alimwambia badilisha. Dorine peke yake alisema hapana. Alisema ya zamani wanaujua ugonjwa wake, ile nyingine wataujua siku itakapowalaza porini. Jumanne Anastase alikwenda Kavimvira bila kumuaga, akarudi na gari jingine.

"Ile gari mupya," Anastase alisema, macho kwenye karatasi. "Usiku ule wa kumupeleka hospitali iliwaka mara moja. Ilitembea muzuri mpaka mujini."

Concilie akaamuru arudishwe kasho, chumba cha mahabusu.

Bibiche alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu kulipopambazuka, na sahani ya ugali iliyofunikwa kwa kitambaa. Huku kwetu mahabusu asiyeletewa chakula hali. Ndugu za Dorine waliapa hawataleta hata maji, basi jirani ndiye aliyekuja.

"Weye unamuletea chakula," Concilie alisema, "lakini ni weye uliyesema ulisikia wanagombana."

"Nilisema kweli. Jumanne walipigana midomo. Mama Itangishaka alisema, 'Hiyo gari yako itatuunguza.' Batu bote walisikia. Lakini ni maneno tu, Mama. Batu banasema."

"Na Jumatano?"

Bibiche alipanga upya kitambaa ambacho hakikuharibika. "Bidoni ilikaa inje siku nzima. Mama Itangishaka hakutaka hata kuigusa, zawadi ya Asani. Jioni taa ikakauka. Ile batri ya sola ya kwenye mabati ilishakufa toka mwezi wa tatu. Na mutoto iko analilia taa, ana kazi ya shule. Njo akachukua bidoni. Minye nilikuwa ku upande wangu wa lupango, ule ua wetu. Nikamusikia anasema, 'Papa Itangishaka, hii inanuka.' Bwana yake akajibu kitu."

"Alijibu nini?"

"Sikusikia. Sauti tu. Sauti kali."

"Mtoto?"

"Itangishaka alikuwa ku mulango, na kayee yake ya kuandikia. Toka siku ile hajafungua kinywa. Ana miaka kumi, Mama OPJ, na hajalia hata."

Concilie aliandika. Aliichukia sentensi hiyo alipokuwa anaiandika, kwa sababu parke ingeipenda: mke alinusa, mume akajibu kwa ukali. Kisha akauliza swali alilotakiwa kuuliza tangu Alhamisi. Dorine alikuwa amepanga nini kuhusu gari?

"Alisema Jumamosi atafika kwa Asani mwenyewe," Bibiche alijibu. "Leo. Avunje mapatano. Shamba lililouzwa kununua gari ya kwanza lilikuwa la baba yake, si la bwana. Alisema atapiga kelele mpaka duane yote, pale forodhani, isikie."

Basi kulikuwa na mtu wa pili mwenye sababu. Concilie alipakia bidoni kwenye pikipiki ya kituo, akajipakia na yeye nyuma ya dereva, akaelekea Kavimvira.

Jumamosi ni siku ya watu kuvuka mpaka. Wabadilisha pesa walikuwa wamepanga viti vyao kivulini, na wanawake wa vitenge walikuwa wanarudi kutoka upande wa Burundi na mizigo mizito vichwani. Ua wa Asani ulikuwa nyuma ya duane, ukuta mrefu, geti la bluu. Mwenyewe alikuwa ametandika mkeka barazani, kofia kichwani, kikombe cha chai mkononi. Babu wa babu yake alikuja na misafara ya pembe akabaki, na Asani alipenda mgeni alijue hilo kabla ya kuketi. Concilie hakuketi.

"Nimesikia msiba," Asani alisema. "Inna lillahi. Nilituma mutu kwa rambirambi, ndugu bakamufukuza."

"Ulikuwa unajua Mama Dorine angekuja leo kuvunja mapatano?"

"Nilijuwa. Alinipigia telefone Jumatano asubuhi. Akanitukana vizuri sana." Aliweka kikombe chini. "Nilimuambia aje. Gari yake iko pale, sijaigusa. Kama anaitaka, aichukue. Minye nimefanya biashara miaka makumi ine, Mama. Mutu akijuta, namurudishia, kesho atarudi kununua kingine."

"Neno zuri. Na zawadi?"

"Zawadi gani?"

Concilie aliweka bidoni juu ya mkeka, upande wa maandishi ukimtazama. Asani alisoma, akamwangalia, akasoma tena. Kama alikuwa anaigiza, aliigiza vizuri kuliko wengi waliopita mbele ya meza yake.

"Sikumupa petroli minye. Petroli ya nini? Nilisema ku fundi: toa esanse yote ndani ya gari yake, umurudishie. Alikuwa amejaza juzi yake, na gari anayoenda nayo iko ya mazutu. Kila mutu abebe mafuta yake. Sili jasho ya mutu."

"Ulimwambia Anastase hivyo?"

Asani alilitazama tena bidoni. Alivua kofia.

"Nilifikiri fundi atamuambia," alisema.

"Na fundi?"

"Iko kule nyuma. Jina lake Tariki. Ni mutu mupya."

Pikapu ya zamani ya Anastase ilikuwa imesimama nyuma ya ua. Concilie alilala chini bila kujali sare yake, akatazama tangi. Kizibo cha chini kilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana, na udongo chini yake bado ulikuwa na doa. Hilo lililingana na maneno ya Asani. Aliinuka, akajipangusa magoti, ndipo akaona ukuta.

Kando ya ukuta mabidoni yalikuwa yamepangwa kwa mstari, mtu nadhifu ameyapanga. Kila moja lilikuwa na neno, kwa kalamu ileile nene ya bluu, herufi zilezile zilizonyooka. MAJI. OILI CHAFU. PETROLI. Na la mwisho, ambalo alilisoma mara mbili: DIZELI.

Hakuna mtu wa Uvira anayeandika dizeli. Wanaandika mazutu, na asiyejua kuandika anachora lori.

Alirudi kwenye lile PETROLI lake, akalitazama lile i la mwisho. Anastase aliandika pétrole. Yeye mwenyewe Concilie angeandika pétrole. Hata muuza duka asiyejua Kifaransa angejitahidi aweke e. Aliyeandika hili alisoma shule ambako masomo yalikuwa kwa Kiswahili, na shule za namna hiyo ziko ng'ambo ya ziwa.

"Tariki ni nani?"

"Ni mimi, afande." Kijana wa miaka thelathini hivi alitokea chini ya lori, mikono myeusi. Kiswahili chake kilikuwa kirefu, cha redioni. "Shikamoo."

"Ni weye uliyeandika hii?"

"Naam. Ni mimi."

Alijibu bila kusita, na karibu kwa fahari. Concilie alikuwa ameshashika pingu kiunoni. Aliziacha hapohapo.

"Uliandika nini?"

"Petroli."

"Na ndani ulitia nini?"

Tariki alimtazama kama anayeulizwa jina la mama yake. "Petroli, afande. Niliitoa kwenye gari ya yule mzee wa Luberizi."

"Ile ni esanse."

"Ndiyo, hiyohiyo. Ninyi mnaiita esanse, nimesikia. Sisi kwetu Ujiji ndiyo petroli."

"Na ile ya taa? Kwenu inaitwaje?"

"Mafuta ya taa."

Ng'ambo ya ukuta mbadilisha pesa alikuwa anapigia mteja kelele. Concilie alisikia kila neno la kelele hizo.

"Uko hapa toka lini, Tariki?"

"Wiki ya tatu hii."

"Kwa nini uliandika? Nani alikwambia uandike?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni tabia yangu tu." Alionyesha mstari wa mabidoni. "Yule mzee alikuwa anahamia dizeli kwa mara ya kwanza. Watu wengi wanakosea hapo. Anazoea petroli miaka kumi, siku moja anasahau, anamimina petroli kwenye gari ya dizeli, injini inakufa. Nikasema niandike kubwa. Niliandika ili mtu asikosee."

Alikuwa ameanza kumsoma Concilie usoni.

"Kwani kuna nini, afande?"

Concilie alimwambia. Ilimbidi amwambie, maelezo yasingekamilika bila hilo. Alimwambia neno petroli maana yake nini Uvira, na kandili, na jina la mama aliyekufa. Tariki alikaa chini kwenye udongo wenye doa la esanse, akaweka mikono yake myeusi kichwani, na Asani aliyekuwa amewafuata akageuka akatazama ukuta. Kwa miaka kumi na minne Concilie alikuwa ametafuta watu wabaya na mara nyingi akawapata. Leo alikuwa amewapata watatu, mmoja karimu, mmoja nadhifu, mmoja aliyetaka kupatana na mkewe, na angefurahi sana kupata mwizi.

Aliandika maelezo ya wote wawili, wakatia sahihi. Ilikuwa saa nane kasorobo.

Komanda Sévère alisoma karatasi zote akiwa amesimama. Alisoma mara ya pili akiwa ameketi.

"Nani ana kosa basi?"

"Hakuna, Komanda."

"Kuna maiti, kuna bidoni, na hakuna mwenye kosa." Alisugua macho. Hakuwa mtu mkatili, alikuwa mtu wa faili. "Parke siwezi kuwapelekea neno lililofungwa pingu. Sawa. Muachilie. Chukua maelezo yake ya mwisho, asaini, umupe ufunguo wa gari yake. Na umuombe Mungu ndugu za marehemu wakusikilize."

Anastase aliletwa. Sahani ya Bibiche ilikuwa imerudi jinsi ilivyokwenda. Concilie alimsomea maelezo ya Tariki, neno kwa neno, bila kuinua macho, kwa sababu hakutaka kuona mtu huyo akielewa. Alipofika mwisho aliweka ufunguo wa pikapu ya mazutu juu ya meza.

"Uko huru, Papa Itangishaka. Bado sahihi tu. Andika hapa kwamba ulifikiri ni petroli ya taa. Ni kweli na inatosha."

Anastase hakuugusa ufunguo.

"Yule fundi aliandika ili nisikosee," alisema.

"Ndiyo."

"Bibiche alikuambia nilijibu nini?"

"Hakusikia."

"Itangishaka alisikia."

Concilie aliweka kalamu chini. Alifanya makusudi, na aliiweka mbali, pale ambapo mtu yeyote angeona. "Nisikilize. Kalamu yangu iko chini. Ukisema kitu sasa ni mimi na wewe. Nikiishika, kila neno ninaandika, na nikishaandika siwezi kufuta. Mtoto wako anakungoja. Mama yake hayuko. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mama. Ishike."

"Anastase."

"Ile taa ilikuwa ya mutoto. Alikuwa anailia juu ya kazi yake ya shule. Bibiche anasema haongei. Minye najuwa juu ya nini haongei. Iko anafikiri ni yeye." Vitambaa vya mikononi vilikuwa vimeanza kulowa. "Nikirudi nyumbani na karatasi inasema hakuna mwenye kosa, litabaki na nani? Litabaki na yeye. Ishike kalamu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Concilie alichukua kalamu.

Anastase alisema taratibu, akimngoja amalize kila mstari, kama watu wanavyofanya barua zinapoandikwa kwa niaba yao. Alisema Dorine alifungua bidoni, akamimina, akasimama. Dorine akasema, Papa Itangishaka, hii inanuka. Inanuka esanse. Na yeye Anastase alikuwa amechoka kusikia habari ya gari. Pua yake ilikuwa na esanse miaka kumi, alikuwa hanusi chochote. Akamjibu mbele ya mtoto: weye toka tuanze mambo ya gari, kila kitu kwako kinanuka gari. Washa.

"Rudia neno la mwisho," Concilie alisema. Sheria inataka hivyo.

"Washa."

Aliandika. Kisha akasimama, kwa kuwa maelezo husomwa mbele ya aliyeyatoa, na akayasoma yote kwa sauti kutoka jina mpaka neno la mwisho. Kuua bila kukusudia, kwa uzembe: alijua Komanda angeandika hivyo juu ya faili kabla ya wino kukauka, na askari wa parke walikuwa tayari getini wakingoja saa tisa.

"Umesomewa," alisema. "Unashikilia maneno haya?"

"Ninashikilia. Na mumusomee Itangishaka. Siku akikuwa, mumusomee yote, ajuwe haikuwa yeye."

Alitia sahihi kwa ncha za vidole. Concilie alichukua ufunguo wa gari mezani, akaurudisha ndani ya droo.